Kiti cha Kulia cha Kipanga

Hapo zamani, si ile ya fisi kusemezana na sungura, bali hii ya jana juzi ambayo wengine wenu mlikwisha kuota meno, paliishi Lushoto mzee aitwaye Shemdoe. Ujanani alikuwa dereva wa mashindano, na kilichombakia ni gari lake: jekundu, fupi, viti viwili tu, na mlango usiofunguka mpaka uupige teke kwa adabu. Alilipa jina Kipanga. Mkewe alikwisha kufariki, watoto walikuwa mbali, na kila Jumamosi mzee aliteremka kona zote mpaka Mombo, akanywa kahawa, akapanda tena. Ukimwuliza anafuata nini Mombo, alikujibu: "Nafuata kupanda."

Basi siku moja Kipanga akakataa kupanda. Mzee alikanyaga mafuta, injini ikanguruma, lakini gari likajikokota kama mtoto aliyetumwa asikotaka. Harufu ya kuungua ikajaa ndani.

Akaitwa Hoza, fundi wa pale sokoni. Hoza hakukimbilia spana. Alivuta breki ya mkono, akaweka gia namba nne, akaachia klachi taratibu. Gari zima lingezimika papo hapo. Hili liliendelea kunguruma kana kwamba halikuambiwa kitu.

"Klachi inateleza, Mzee," alisema. "Injini ina nguvu, ila nguvu haifiki kwenye magurudumu."

Akaingia chini ya gari, akashusha giaboksi, akatoa pleti ya klachi, ile sahani inayoshikanisha injini na magurudumu. Ilikuwa nyembamba, nyeusi, inanuka. Akasema itafutwe nyingine.

"Nitaitoa wapi?" mzee aliuliza. "Hata waliolitengeneza wamesahau kama waliwahi kulitengeneza."

Mzee alikuwa na mpwa, jina lake Mshamu. Huyu alikuwa na gari la aina ile ile, aliloliokota likiwa gofu, akaliunga miaka na miaka, leo nati, kesho waya. Lilikuwa limebakia kupakwa rangi tu. Aliposikia habari za Kipanga, alilifungua gari lake, akatoa pleti, akaifunga katika kanga ya mkewe, akaileta. Kutoa ni moyo, walisema wahenga, wakasahau kusema kwamba moyo wenyewe huuma.

"Na lako je?" mzee aliuliza.

"Langu halijawahi kwenda popote, Mjomba. Halijui linakosa nini."

Hoza akaifunga pleti, Kipanga akapanda. Mzee alilia kwa furaha njia nzima, wala hakujificha.

Haikupita miezi mingi, harufu ikarudi. Hoza akasema pleti ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Mshamu akasema mbovu ni fundi. Hoza akaingia tena chini ya gari, akakuta pleti imeliwa nusu. Akapima, akakaza, akalegeza, asione kosa, akairudisha vile vile. Tangu hapo fundi na mpwa wakikutana njiani, kila mmoja alitazama viatu vyake.

Sasa kuna mtu wa tatu. Singano alikuwa msoma ramani wa mzee enzi za mashindano. Miaka yote ile alikaa kiti cha kushoto akimtajia kona zinazokuja. Jumamosi moja alipanda Kipanga kwenda Mombo. Wakati wa kurudi hakutazama barabara. Alitazama chini. Walipofika Soni, juu ya maporomoko, akasema, "Simama."

Mzee akasimama.

"Mguu wako wa kushoto uko wapi?"

"Sakafuni."

"Utazame."

Mzee akautazama. Ulikuwa juu ya pedali ya klachi, umejituliza kama paka mlangoni, naye angeapa kwamba ameuondoa tangu kona ya chini. Pedali ile ukiikandamiza hata kidogo, pleti haishiki sawasawa. Husuguana mpaka iungue. Tangu alipougua mwezi wa Ramadhani mguu ule ulikuwa na ganzi, na ganzi hiyo mzee aliiita uzee. Aliuinua kwa mkono, akauweka pembeni. Kisha akaliona genge lililoporomoka hadi bondeni kando ya barabara, akaogopa, kwa mara ya kwanza ndani ya gari lile.

"Gari haliumwi, ndugu yangu," alisema Singano.

"Shuka," alisema mzee.

Singano akashuka, akapanda kwa miguu mpaka mjini. Hawakusemezana tena mpaka mvua za vuli.

Vuli ilipokuja, mzee akawaita wote watatu. Walimkuta ndani ya Kipanga, amekaa kushoto, ufunguo uko kiganjani.

"Kulia sikai tena," alisema. "Lakini kila Jumamosi nitateremka Mombo na nitapanda, mpaka niitwe. Viti ni viwili. Atakayekaa kulia, gari ni lake, nikiwa hai na nikiwa nimekufa. Semeni."

Hoza akasema: "Mzee, mwingine angekwambia injini imekufa. Mimi niliujua ugonjwa, nikalala chini ya gari hili mara mbili. Bila mikono yangu pleti ingebaki ndani ya kanga."

Mshamu akasema: "Fundi bado ana mikono yake. Singano ana mdomo wake. Mimi nina gari linalotagiwa mayai na kuku. Nani mwingine hapa alitoa asichoweza kukipata tena?"

Singano akasema: "Mimi. Nilikuwa na rafiki mmoja, nikamtoa pale Soni. Pleti nyingine haipo, na Shemdoe mwingine hayupo. Vyote viwili vingeishia gengeni."

"Ulijua lini?" Hoza akamwuliza.

Singano akakohoa. "Nilishuku tangu Idi, nilipomwona akiuburuta mguu, hata pleti ya kwanza haijafunguliwa. Nikasema atapona. Nikasema mimi ni nani hata nimwambie Shemdoe aache usukani."

"Ungesema," alisema Mshamu, "pleti yangu ingekuwa nzima leo."

"Ni kweli. Na wewe, ulipoileta, hukukumbuka kwamba watoto wa mjomba wako hakuna anayelitaka gari hili?"

"Nilikumbuka," alisema Mshamu. "Lakini nilikuwa nimekwisha kuifunga kwenye kanga."

Hoza akacheka kidogo, Singano akamgeukia. "Nawe fundi ulipima kila kitu ukamsahau dereva."

Mzee alimtazama kila mmoja kwa zamu yake, na aliwapenda wote, jambo ambalo halikumsaidia.

Jumamosi ndiyo hiyo imefika, na kahawa ya Mombo imekwisha kutengwa. Kiganja cha mzee kiko wazi, na kiti cha kulia ni kitupu. Je, wenzangu, akae nani?