Mtumbwi wa Supu

Nani kati yenu amewahi kupewa chombo kilichotoboka, kisha akaambiwa aseme asante? Nyoosheni mikono. Naona. Mikono mingi kuliko vichwa. Basi shusheni mnisikilize, maana hapo zamani za kale, mihuri ikiwa ndiyo kwanza inajifunza kusema uongo, mto ulihama.

Ndiyo, mto. Mvua ilinyesha juma zima mlimani, ukingo ukabomoka, na asubuhi moja maji baridi yakapita katikati ya bonde la wanyama, yamejaa samaki wa madoadoa ambao hakuna aliyewajua.

Kando ya mto huo mgeni, kwenye mawe, aliishi pimbi mmoja aitwaye Mukami. Alikuwa amehitimu mafunzo yote ya uvuvi yaliyopatikana bondeni, akapewa cheti, na cheti akakitandika chini ya mkeka kuzuia baridi. Kazi nyingine hakikuwa nayo.

Alikaa na nyanya yake, ambaye alimwita Shosho. Shosho hakuona tena, na meno yalikuwa yamemtoka moja moja. Majani yalimshinda. Kila asubuhi Mukami alimbeba nje kuota jua, na kila asubuhi alimwona mwepesi kuliko jana.

"Shosho, kitu gani kitapita kooni?"

"Samaki. Laini. Akichemshwa kidogo tu."

Mukami alishanyakua ufito wa mwanzi na uzi wa mkonge, anakimbia. Shosho akamdaka sikio.

"Wewe mwenye cheti, wapi? Mto mgeni haurushiwi ndoana siku ya kwanza. Uulize kwanza unakula nini."

Basi Mukami akashinda ukingoni. Akageuza jiwe, akageuza jingine. Chini yake akakuta vidudu vya kahawia, na juu ya maji akaona ndugu zao wakiruka kwa mabawa kama moshi, na samaki wakiwanyakua, chubwi, chubwi. Akaleta kimoja juu ya jani.

Shosho akakipapasa kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayemtambua mjukuu. Kisha akamng'oa Mukami manyoya ya mgongoni.

"Aa, Shosho, unaniacha na upara."

"Upara wa kazi si aibu. Tulia."

Akayafunga kwenye ndoana pamoja na unyoya wa kanga, fundo juu ya fundo. Akatokea nzi wa manyoya ambaye hata nzi mwenzake angemsalimia.

Kisha vidole vikasimama. "Ukitaka kufika kilindini utahitaji chombo. Usipande chombo ambacho hujakinywesha. Kwetu mtumbwi ulijazwa maji ukiwa nchi kavu, asubuhi mpaka adhuhuri. Usipotoa tone, ndipo tuliupeleka mtoni. Baba yako aliambiwa hakuna haja, chombo kina mhuri. Hakurudi."

Akampapasa yule nzi, mabawa yakalala sawa.

Kesho yake Mukami akasimama penye maji ya magoti. Fyuu, uzi nyuma. Fyuu, uzi mbele. Nzi akatua majini kama jivu. Chubwi. Akavuta samaki wa urefu wa mkono wake, na papo hapo kivuli kikamfunika.

Alikuwa Nyati, Mwenyekiti wa Kamati ya Mto. Nyuma yake alisimama Fisi, katibu, mhuri unaning'inia shingoni.

"Kibali?" akauliza Fisi.

"Cha nini, bosi?"

"Cha kuvua. Na uzoefu wa miaka mitano katika mto huu."

"Mto huu una wiki tatu."

"Hiyo si shida ya ofisi. Sheria ni sheria. Hakuna kuvua ila kwa chombo chenye mhuri. Kesho utapanda Salama, kama wote walio kwenye foleni, ama usionekane tena hapa. Na huyo samaki ni ushahidi. Lete."

Salama ulikuwa mtumbwi wa Kamati, umelazwa ukingoni, foleni ya wanyama kando yake, mwembamba, mwekundu kama nyanya ya dukani, umepakwa rangi hadi unang'aa. Mukami aliutazama vizuri. Palipo na rangi nene sana, ubao ulikuwa na matuta. Akanusa. Matope.

Akainama kwa adabu. "Mheshimiwa, ushahidi wenyewe ni mdogo, hautafika hata kwenye jino lako la pili. Lakini supu yake? Bonde zima litalamba midomo. Niruhusuni niwapikie kabla sijapanda. Ila chungu changu ni cha matumbo ya kipimbi. Chombo cha kutosha matumbo ya Kamati kipo kimoja tu."

"Kipi?"

"Salama."

Fisi akakohoa. "Mheshimiwa, ule ni wa shughuli rasmi."

"Mimi kunywa supu si shughuli rasmi?" Nyati akamgeukia. Maskini, hakuwahi hata kuinama kuutazama mtumbwi ule. Kazi yake ilikuwa kutia sahihi tu. "Ama unavuja?"

Fisi akatazama foleni. Foleni ikamtazama Fisi.

"Hauvuji, Mheshimiwa. Hata tone."

"Basi wekeni supu."

Jioni hiyo Shosho alikula nyama yote ya samaki, pole pole, akilamba vidole. Kichwa na miiba Mukami akavitia kwenye maji. Asubuhi majirani wakaleta mitungi, wakaleta kuni, na harufu ikatambaa bondeni mpaka Nyati akaja bila kuitwa mara ya pili. Salama ukawekwa juu ya magogo mawili, mbele ya wote. Wakamimina. Mtungi wa kwanza, wa pili, wa kumi.

Nyati akainamisha pua. "Imeiva."

Tone. Tone. Kisha churuu. Donge la tope likadondoka, pwaa, kwenye kwato za Mwenyekiti. Likafuata jingine, na jingine. Rangi ikabaki imening'inia kama ngozi iliyobambuka kwa jua kali, na supu ikatoka kwa matundu tisa, ikipitia kila pahali isipokuwa kinywani mwa Kamati.

Hakuna aliyecheka. Mukami alidhani watacheka.

Mama Digidigi akatoka kwenye foleni, mtoto mgongoni. "Mheshimiwa," akasema kwa sauti ya chini, "baada ya Mukami, nilikuwa mimi. Na huyu."

Nyati akatazama kwato zake. Akamtafuta Fisi. Fisi alikuwa keshavuka kilima cha pili, na mhuri umeanguka njiani.

Siku nne baadaye Mukami alikuwa na chelezo chake mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza mhuri. Mianzi mipana, imelazwa chini, kila pingili chumba chake, ili moja ikitoboka zingine zielee. Kibuyu kitupu kifuani, kama atateleza. Shosho akakifunga mwenyewe, fundo juu ya fundo.

"Umekinywesha?"

"Chelezo hakijazwi, Shosho. Nimekipakia mawe, mara tatu ya uzito wangu. Kimelala majini siku mbili."

"Kesho niongezee na mimi. Mimi si mzito."

"Umeanza kuwa mzito," Mukami akasema, na kweli ilikuwa hivyo.

Chombo hakiaminiki kwa rangi yake wala kwa mhuri wake, huaminika kikishajaribiwa. Nanyi mlioketi kwenye Kamati, mnaotugawia vyombo na kutuambia tuna bahati: vijazeni maji mbele yetu, mchana, kisha pandeni ninyi kwanza, na watoto wenu mgongoni.