Pigo Zito la Msham Mpiga Ngoma

Alikuwako Sultani Harithi bin Jamalu, mwenye mji wa Nuradi, mji wa kuta nyeupe na visima vitamu, na alikuwa mwadilifu kadiri masultani wanavyoweza kuwa, yaani alisikiliza mashitaka ya raia mwenyewe na hakusinzia yakisomwa. Na katika mji huo, nyuma ya soko la ngozi, aliishi Bi Mwamvua na mumewe Msham bin Tamimu, aliyekuwa zamani mpiga ngoma wa jeshi, na binti yao Ruzuna. Na paa la nyumba yao lilikuwa na matundu mengi kuliko makuti.

Zamani hizo, baba yake Sultani Harithi alipopigana na adui waliotoka ng'ambo ya milima, jeshi la Nuradi liliongozwa na ngoma. Na desturi ya mpiga ngoma ilikuwa hii: alijitundika ngoma shingoni, akawageuzia uso askari wake ili waione mikwiro, vijiti vyake vya kupigia, ikipanda na kushuka hata kelele zikiziba masikio, na akaenda kumkabili adui kinyumenyume, akimwamini Mungu na visigino vyake. Ndivyo alivyokwenda Msham katika Bonde la Miiba. Na jeshi lilipoanza kuvunjika, na vijana wakaanza kuangalia njia ya nyumbani, lilitoka kwenye ngoma pigo moja zito lisilokuwa la wimbo wowote, na askari wote wakafurika mbele kama maji yaliyovunja kingo, na adui akakimbia. Tangu hapo kila Idi mji mzima uliliadhimisha Pigo Zito, na Amiri Ghalibu, mkuu wa jeshi, alisimulia kwenye karamu kwamba ni yeye aliyeamuru lipigwe.

Vita vilipokwisha, Msham aliokotwa kifudifudi juu ya ngoma yake, na mkuki umemwingia chini ya bega, mgongoni.

Na katika Nuradi aliyemwaga damu vitani huvishwa Nishani ya Damu, mwezi mchanga wa fedha juu ya kitambaa chekundu. Lakini sheria ilisema jeraha liwe la mbele, na likiwa la nyuma, wapatikane mashahidi wawili walioona chuma kikiingia. Sasa, askari wa Nuradi walikuwa wameuona uso wa Msham tu, na uso huo haukuwaambia kitu. Na walioiona mikuki ikimwendea walikuwa adui, nao walikwisha kimbia. Akasimama Amiri Ghalibu akaapa kwamba alimwona mpiga ngoma akitoroka. Basi ikawa hivyo. Baadaye zikanunuliwa tarumbeta, zikapigwa kutoka nyuma juu ya farasi, na watu wakasahau hata kwamba kulikuwa na mtu wa kwenda vitani kinyumenyume. Na Msham wakampa jina la Mgongo.

Kila Idi Msham alivaa kanzu yake akaenda barazani kuidai nishani, na kila Idi alirudi mtupu. Bi Mwamvua aliifua kanzu kabla na baada, na alikwisha acha kumuuliza walichosema, kwa kuwa alijua kwa namna alivyovua viatu mlangoni. Alipochoka sana alisema, "Baba Ruzuna, nishani hailiwi wala haizuii mvua." Naye Msham alijibu, "Najua, mke wangu," na mwaka uliofuata alikwenda tena. Bi Mwamvua hakulipenda jambo hilo, ila alimheshimu kwalo, maana alijua wanaume wengi wanaopiga kelele mara moja na wachache wanaorudi kwa adabu pale pale walipochekwa.

Ikatokea mwaka mmoja, kijana Seifu, mtoto wa nyumba ya askari, akamtaka Ruzuna, na Ruzuna akamtaka. Baba yake Seifu akaja, akanywa kahawa, akamwambia Bi Mwamvua, "Shemeji, binti hana kasoro. Lakini ukoo wangu hauoi kwa mtu aliyechomwa mgongo. Msham akivaa nishani Idi hii, mahari italetwa siku hiyo hiyo. Asipovaa, tusisumbuane." Akaaga vizuri akaenda zake, na Ruzuna akaingia ndani kuosha vikombe vilivyokuwa vimekwisha oshwa.

Tangu saa ile Bi Mwamvua aliitaka nishani kuliko mumewe.

Na ile ngoma ya vita ilikuwa bado nyumbani, na kwa kuwa Bi Mwamvua hakuwa mtu wa kuweka kitu bila kazi, alikuwa ameifungua upande wa chini na kuhifadhia mtama. Siku moja akaona mtama umeingia wadudu. Akakumbuka alikuwa na ubani kidogo uliobaki kwenye arobaini ya jirani, akautia kwenye chetezo, akaisogeza ngoma juu ya moshi, asijue kwamba ngoma za vita zilifukizwa ubani asubuhi ya mapambano ili kumwamsha mtumishi wake.

Basi moshi ukasokota, ngoma ikatikisika, na likatoka jini refu hata likainama chini ya boriti, macho yake kama makaa, na ndevu zake zimejaa punje za mtama. Likapiga chafya iliyoangusha sufuria, likanguruma, "Mimi ni Daharushi, mtumishi wa ngoma! Nani amenifukiza? Vita viko wapi?"

"Vita viko kwenye mtama wangu," akasema Bi Mwamvua, "na wewe unaukanyaga. Sogea."

Jini likasogea, maana tangu kuumbwa kwake lilikuwa halijaambiwa hivyo. Likasema kwa upole, "Ee bibi mtukufu, anifukizaye ana amri moja juu yangu. Nikujengee kasri la marumaru? Nikuletee lulu?"

Bi Mwamvua akatazama paa, akatazama mlango wa chumba alimokuwamo Ruzuna, akapumua. Kisha akaita, "Baba Ruzuna! Njoo, kuna mgeni wako wa zamani."

Msham akaja, akalitambua jini, wakaamkiana kama watu waliowahi kulala njaa pamoja. Bi Mwamvua akasema, "Nataka Nishani ya Damu."

Kufumba na kufumbua nishani ikawa kiganjani mwa jini, imetoka kwenye hazina ya Sultani, na ilikuwa ikimetameta. Msham akaitazama kwa muda, na mkono wake ukaondoka pajani, kisha ukarudi.

"Irudishe," akasema.

"Baba Ruzuna!"

"Irudishe, mke wangu. Hiyo imetolewa na jini. Mimi nataka ya kutolewa na watu. Nikivaa hii, Ghalibu atakuwa amesema kweli, nitakuwa mtu wa kutorosha vitu."

Bi Mwamvua alitaka kukasirika, na hasira haikuja. Akamwambia jini, "Umesikia. Irudishe, na hiyo haihesabiwi kuwa amri, kwa sababu hatukuitumia."

Jini likafikiri, likaona hesabu ya mwanamke huyu haina pa kuishika, likaenda na kurudi. Likasema, "Bibi, kwa kuwa mumeo ni mgumu, nitakwambia siri ya ngoma. Aliyewahi kuisikia vitani, ikiamshwa nami akaisikia tena, miguu yake humrudisha alikokuwa siku ile, hatua kwa hatua, apende asipende."

"Na Amiri Ghalibu siku ile alikuwa wapi?"

Jini likacheka mpaka vumbi likadondoka darini. "Mimi si msengenyaji, bibi. Nipigeni tu."

"Basi amri yangu ni hiyo," akasema Bi Mwamvua. "Uamke Idi, mbele ya Sultani." Akaumwaga mtama juu ya jamvi, akaitengeneza ngoma.

Siku ya Idi wakaenda kasrini, Msham na kanzu yake, na Bi Mwamvua nyuma yake na ngoma kichwani. Mlinzi wa lango akacheka. "Mzee Mgongo, mwaka huu umekuja na ngoma, na mke juu ya hayo?"

"Mke ndiye aliyekuja na ngoma," akasema Bi Mwamvua. "Nawe sogeza huo mkuki, usije ukanichoma nikahangaika kutafuta mashahidi wawili."

Mlinzi akasogea.

Barazani walikuwapo mawaziri na kadhi na wazee wa vita na nishani zao, na Amiri Ghalibu mbele yao wote, nishani tatu kifuani. Msham akainama, akasema, "Amani kwako, ee Seyidi, na Mungu akuzidishie umri. Mimi ni mtumwa wako Msham bin Tamimu, na nimekuja kwa lile lile la mwaka jana."

"Na la mwaka juzi," akasema Amiri Ghalibu, na watu wakacheka. "Seyidi, mtu huyu alichomwa akikimbia. Mwambie arudi nyumbani, kinyumenyume kama anavyojisifu."

Lakini Sultani alikuwa akiitazama ngoma. "Sijaiona ngoma hiyo tangu ujana wangu," akasema. "Mzee Msham, huna mashahidi mwaka huu pia?"

"Sina, Seyidi. Naomba ruhusa nipige kama nilivyopiga siku ile, kisha sitakusumbua tena."

Bi Mwamvua akageuka kumtazama, maana hilo la mwisho hawakuwa wamekubaliana. Sultani akatoa ruhusa. Msham akajitundika ngoma shingoni, akawageuzia uso wakuu wa nchi, akaanza kupiga, na kupiga huku akirudi nyuma hatua kwa hatua, na mgongo wake ukielekea mlango mkubwa uliokuwa wazi.

Na Daharushi akaamka ndani ya ngoma. Wazee wa vita wakashtuka kuona magoti yao yaliyokuwa yakiuma kila asubuhi yamenyooka, na wakainuka mmoja mmoja, wakajipanga safu ukumbini, kila mtu mahali pake, na mahali pa waliokufa pakaachwa wazi. Sultani naye akashuka kitini, akasimama safu ya mbele, kwa kuwa siku ile alikuwa kijana wa kwanza kushika ngao. Naye Amiri Ghalibu akainuka, akashika nguzo, akasema, "Huu ni uchawi! Nishikeni!" Kabla hajashikwa, miguu yake iligeuka, ikambeba mbio kupitia mlango wa jikoni, nishani zikigongana kifuani na kiatu kimoja kikibaki juu ya zulia, na sauti yake ikasikika ikipungua kuelekea mitaa ya chini. Hakuna aliyecheka, kwa maana kila mtu alikuwa vitani.

Ngoma ikaendelea. Safu ikaanza kuyumba. Bi Mwamvua, aliyesimama kando na hakuwa na vita vya kurudi, aliona Sultani mwenyewe akigeuza kisigino. Kisha akaona mumewe akisukumwa na kitu kisichoonekana, mwili mzima ukaangukia ngoma, mikwiro yote miwili ikatua pamoja, na likatoka Pigo Zito, likatikisa taa za darini. Na wazee wote wakaruka mbele kwa ukelele mmoja, na Sultani mbele yao. Na uso wa Msham haukubadilika. Mikono ikainuka, ikaendelea na wimbo pale ulipokuwa umekatika.

Bi Mwamvua aliuosha mgongo ule kwa maji ya chumvi miaka mingi, na hakuwahi kujua hadi siku ile kwamba alikuwa ameendelea kupiga.

Jini likanyamaza. Watu wakajikuta wamesimama wakihema. Sultani akasema, "Mzee, niligeuka nikimbie. Pigo lile ndilo lililonirudisha. Niambie ulilipigaje, na nani alikuamuru?"

Msham akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza Bi Mwamvua alimwona mumewe ana haya. "Seyidi, naomba radhi," akasema. "Pigo lile si langu. Mkuki uliponiingia ulinisukuma, nikaharibu wimbo. Mwalimu wangu aliniusia kwamba mpiga ngoma anayekosa pigo huvunja jeshi. Nimenyamaza miaka yote mkiliadhimisha kosa langu."

Kisha kadhi, ambaye alikuwa mtu wa sheria na machozi yakimtoka, akasema, "Seyidi, pamoja na hayo, sheria yataka mashahidi wawili walioona chuma kikiingia."

"Mashahidi wawili!" akasema Sultani. "Ee kadhi, jeshi zima liliusikia mkuki huo ukiingia. Mji mzima unausherehekea kila Idi."

Kadhi akafunga kitabu chake.

Basi Sultani akaitwaa Nishani ya Damu kwa mkono wake, na kwa kuwa nishani hukaa upande wa jeraha, akaipachika mgongoni. Na wazee wa vita wakapita mmoja mmoja nyuma ya Msham wakaibusu, wao waliomwona uso tu. Sultani akasema, "Omba utakalo."

"Nimekwisha pata, Seyidi," akasema Msham.

"Seyidi," akasema Bi Mwamvua, "huyo amejisemea mwenyewe. Mimi nina paa linalovuja, na mtama uliomwagwa kwenye jamvi kwa ajili ya shughuli hii, na binti wa kuozwa."

Sultani akacheka, akawapa nyumba ya mawe yenye ghala, na ng'ombe, na mahari ikaletwa siku hiyo hiyo kama ilivyoahidiwa, na Ruzuna akaolewa na Seifu kwa harusi iliyochosha miguu ya mji mzima. Na Amiri Ghalibu alikutwa ndani ya pipa la wachuna ngozi, akavuliwa nishani zake zote, akaamriwa kila Idi atembee kinyumenyume kutoka ngomeni hadi kasrini, ili ajue kazi ile ilivyo. Na Daharushi akabaki ghalani kwa hiari yake, akifukizwa ubani kila Ijumaa, na hakuna mdudu aliyethubutu kuugusa mtama wa Bi Mwamvua tena.

Na Msham alipopita sokoni watu walimwamkia, kisha wakangoja apite ili waione nishani yake. Bi Mwamvua alikuwa akimvulia kila jioni, kwa sababu mwenyewe mkono haukufika, na aliifuta kwa kanga yake kabla ya kuitundika.

Wenye akili na wazingatie: mtu akikuonyesha kovu, usimuulize liko wapi, muulize alikuwa akifanya nini alipolipata. Hekaya yangu inakaa hapa. Aliyeipenda na aichukue kwao, na mwenye ngoma na asikose pigo, na akikosa, Mungu amjalie alikose vizuri.