Buyu la Kalunde

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Maneno haya mmeyasikia leo asubuhi kwa mama yenu, alipofunua kopo la sukari akakuta imebaki ya kikombe kimoja, na kila mmoja wenu anaapa kwamba alilamba kidogo tu. Mkacheka, kisha mkaja kuniuliza buyu lenyewe lilikuwa la nani. Mmeuliza vizuri. Kaeni chini, na hizi karanga mzimenye, maana masikio hayakatazwi kusikia kwa kuwa mikono ina kazi. Chanzo cha maneno yale ni hiki.

Hapo kale, katika nchi ya misitu ya miyombo, waliishi Kalunde na mumewe Mihayo. Mihayo alikuwa mrina asali, na mizinga yake ilining'inia juu ya miti mpaka ndani kabisa ya msitu. Kalunde alishika nyumba, na kwa kubana matumizi hakuwa na mwenzake. Akibandika chungu cha mboga, juu yake huweka chungu cha maji badala ya kifuniko, ili moto mmoja ufanye kazi mbili. Maganda ya karanga aliwashia moto. Mbegu za maboga alizianika. Kaniki yake ilikuwa na viraka hata usiweze kusema nguo ni ipi na kiraka ni kipi.

Wanawake kisimani walimtania kwamba Kalunde akichinja kuku, hata ule mlio wa mwisho huutia mchuzini. Naye alicheka pamoja nao, kisha akaokota vijiti vya kuni walivyodondosha njiani, akaenda navyo nyumbani.

Jambo moja tu lilimkaa moyoni, nalo ni maziwa. Mama mkwe wake, Bibi Nyanzala, meno yalikuwa yamemwisha, na chakula kilichomkubali kilikuwa uji wa maziwa. Nyumba ile haikuwa na ng'ombe. Basi kila asubuhi Kalunde alichukua kibuyu akaenda kwa jirani yake Nshoma kuomba maziwa. Nshoma hakumnyima wala hakumkunjia uso. Lakini mkono wa kuomba huchoka, hata kama unapewa. Kalunde alipokuwa akirudi na kibuyu kimejaa, aliona haya kuliko mtu aliyerudi mikono mitupu, na alitamani siku moja amkamulie mkwewe kutoka kwa ng'ombe wa nyumba yao.

Mwaka mmoja miyombo ilichanua sana, nyuki wakafanya kazi, na Mihayo akarina asali nyingi ambayo hakuwahi kuipata. Mwaka huohuo Mzee Igulu, mwenye ng'ombe wengi katika kijiji cha pili, alikuwa akijiandaa kumwoza mwanawe wa kiume mavuno yakishaingia. Kwao arusi isiyo na pombe ya asali haikuhesabiwa kuwa arusi. Akatuma neno kwa Mihayo: lile buyu lenu kubwa likijaa hadi shingoni, nitawapa mtamba.

Buyu lile lilikuwa la ukoo, na kulibeba kulitaka wanaume wawili na mti begani. Wakalijaza. Wakalikalisha juu ya kata ya majani katika chumba cha ndani, wakaliziba kwa gunzi la hindi. Kuziba kwa nta kulingojea siku ya kukabidhi, kwa sababu asali mbichi hupandisha povu, na desturi ilikuwa mama wa nyumba alizibue mara kwa mara na kuliengua lile povu.

Kalunde akawaita watu wa nyumba yake. "Tazameni," akasema. "Hii si asali tena. Huyu ni ng'ombe. Asiye na njaa ya kula ng'ombe mbichi asiweke mkono humu." Bibi Nyanzala akacheka mpaka fizi zikaonekana, Mihayo akasema hilo halina mjadala, watoto wakaogopeshwa kwamba humo ndani mna nyuki, na mambo yakawa yamekwisha. Usiku ule Kalunde alilala akiwaza mahali pa kumfunga mtamba wake.

Lakini mjue jinsi buyu lilivyo. Shingo yake ni nyembamba, kata ya kuchotea haipiti, mkono haupiti. Kinachopita ni kijiti, na kijiti ukikichovya kinatoka na uzi mmoja wa asali. Ukichungulia ndani unaona giza. Kilichotoka ni kidogo mno, na kilichobaki hukioni.

Siku moja alikuja mgeni, binti ya shangazi yake Kalunde. Mgeni kama huyo huchinjiwa kuku. Kalunde akamtazama kuku, na kuku alikuwa anataga. Akaingia chumba cha ndani kuengua povu, na alipotoka kijiti kilikuwa na asali. Akakikorogea katika uji wa mgeni, mgeni akausifu uji ule hadi akasahau kutazama kama kuna nyama. Kalunde alilala kwa raha. Alikuwa ameokoa kuku.

Mtoto akapata kikohozi. Kwenda kwa mganga ni kwenda na bakuli la mtama, hivyo akachovya kijiti, mtoto akalamba, na mtama ukabaki ghalani. Mboga ya mgagani ilikuwa chungu, na kuitilia karanga ni kumaliza karanga za mbegu. Akachovya kijiti, uchungu ukapungua, karanga zikabaki. Siku nyingine aliungua mkono, siku nyingine wakaja wageni wa mume. Kila mara Kalunde alijua vizuri kabisa alichokiokoa, akakihesabu na kukifurahia. Alichokitoa hakukihesabu. Uzi mmoja wa asali utauhesabu wapi?

Mavuno yakaingia. Mzee Igulu akaja mwenyewe, na vijana wawili wakimswaga mtamba mwekundu mwenye doa jeupe katika paji la uso. Alikuwa mtulivu, macho yake mazuri. Kalunde alimpapasa shingo. Mihayo akaingia ndani na kijana mmoja kulitoa buyu. Akainama, akapanua miguu, akalikumbatia na kulivuta kwa nguvu zake zote kama mtu anyanyuaye gogo. Buyu likaja jepesi. Mihayo akaenda kinyumenyume, akaketi kitako, buyu tumboni kwake.

Kalunde na Mzee Igulu wakaingia, Bibi Nyanzala akiwafuata na fimbo yake, na hakuna aliyecheka. Kalunde akachomoa gunzi, akatumbukiza kijiti mpaka vidole vyake vikafika mdomoni mwa buyu. Kijiti kikagonga chini, na kilipotoka kilikuwa kimelowa ncha.

"Tumeibiwa," akasema.

"Nani huingia chumba hiki, mama?" Mzee Igulu akauliza.

"Hapaingii mtu, mzee wangu. Ni sisi tu. Ila…" Akasita. Alimtazama yule mtamba pale nje, na ile hofu ya kumkosa ikamsukuma. "Jirani yetu Nshoma aliingia juzi kuazima ungo. Nilimwacha humu peke yake."

"Basi aitwe. Mwizi wa asali huanza na asali, huishia kwenye zizi." Akamgeukia kijana wake. "Nenda kamwite."

Kijana alikuwa ameshafika mlangoni Bibi Nyanzala aliponyoosha fimbo na kumzuia.

"Keti, mjukuu wangu. Usiende." Kisha akamgeukia mkwewe. "Kalunde, mimi naishi kwa maziwa ya mwanamke yule. Sitakaa hapa nione anaitwa mwizi. Mimi nilichovya. Kifua kikinibana nilichovya kijiti, nikalamba, nikalala."

"Kijiti chako hakiwezi kumaliza buyu lile, mama," Kalunde akajibu kwa adabu.

Mihayo, bado ameketi chini, akakohoa kidogo. "Na mimi nilionja. Mrina asali sharti ajue kama asali yake haijachacha."

"Ulionja lini?"

"Nilipokuwa nakwenda msituni."

"Na ulipokuwa unarudi," mama yake akasema. "Nilikuwa nakusikia."

"Nami nilikuwa nakusikia wewe, mama. Nikanyamaza kwa heshima."

Wote wakamtazama Kalunde. Angeweza kunyamaza, na pengine wasingemuuliza, maana nani angedhani kwamba mwanamke anayeokota kuni za wenzake njiani angechovya? Lakini alikwisha kuliona jina la Nshoma likisimama pale mlangoni, na aibu ikamwingia ambayo hata ng'ombe asingeweza kuifuta.

"Mimi niliokoa kuku," akasema polepole.

"Kuku gani?" mumewe akauliza.

Akawaeleza. Akawatajia yule kuku, na ule mtama wa mganga, na karanga za mbegu, na wageni wote waliousifu uji wake. Kadiri alivyoeleza ndivyo sauti ilivyopungua. Alipofika mwisho alikaa chini kando ya mumewe, akajifunika uso kwa ile kaniki ya viraka.

Mzee Igulu alikuwa mtu wa maneno machache, naye alijitahidi asicheke. "Kwa hiyo, mama," akasema, "uliokoa kuku kwa kula ng'ombe."

Hakuwa na ubaya moyoni, lakini arusi haingojei. Alisema atatafuta asali kwingine, na kwamba mtamba atarudi nyumbani. "Hata hivyo miyombo itachanua tena, na mimi nina binti wa kuoza mwakani. Mkinijazia, huyuhuyu nitawaletea." Akaaga. Kalunde alisimama uani akautazama ule mkia ukipunga inzi, mpaka njia ilipokata kona.

Sasa, ng'ombe anayekwenda kutolewa kisha akarudi siku hiyohiyo ni habari. Kila waliyekutana naye njiani aliwauliza wale vijana kulikoni. Wakajibu kwamba buyu limekutwa tupu.

"Lilivuja?"

"Halikuvuja."

"Liliibiwa?"

"Halikuibiwa. Lilichovywa, likachovywa, likaisha."

Jua lilipotua, maneno yalikuwa yamefika kijijini kwa Mzee Igulu kabla ya ng'ombe mwenyewe.

Jioni ile Kalunde alikwenda kwa Nshoma bila kibuyu. Akamweleza yote, hata lile la ungo, na hakujipunguzia. Nshoma alimsikiliza huku akipepeta mtama. Alipepeta, akapepeta, hata Kalunde akadhani ndiyo basi, ujirani umekufa. Kisha Nshoma akasema, "Ungo wenyewe una matobo, Kalunde. Ningekuwa mwizi ningeiba kitu cha maana." Wakacheka mpaka Kalunde akatoa machozi. Alipokuwa akiondoka, Nshoma akamwambia asisahau kuja na kibuyu asubuhi.

Mwaka uliofuata walirina tena. Safari hii Kalunde hakungoja siku ya kukabidhi. Aliengua povu wiki ya kwanza, akaliziba buyu kubwa kwa nta, akaisawazisha kwa kisu cha moto ili anayegusa aonekane. Kisha akajaza kibuyu kidogo, akakitundika jikoni mahali pa wazi, akawaambia watu wake hiki ni cha kuchovya, kwa kikohozi, kwa tamaa, kwa lolote, na kikiisha kimekwisha mpaka miyombo ichanue. Walichovya mbele ya macho ya kila mtu, wakicheka. Kilipoisha wakakaa bila asali, na hakuna aliyekufa. Na mgeni alipokuja alichinjiwa kuku.

Mtamba akaja. Akazaa. Bibi Nyanzala akanywa uji wa maziwa ya nyumba yake, na kibuyu cha kwanza kilichojaa Kalunde alimpelekea Nshoma. Baadaye maziwa yakazidi, akawa anasukasuka na kuweka samli, na samli ikishajaa kibuyu huipeleka mnada wa mbali kubadilisha na chumvi na majembe.

Basi katika safari moja ya mnada, miaka mingi ikiwa imepita, Kalunde aliomba maji ya kunywa katika nyumba asiyoijua. Binti mmoja akamkaribisha kivulini, akamletea maji, akainama kwa heshima. Kalunde alikunywa, akanyoosha miguu. Visigino vilikuwa vimepasuka kwa kutembea, vinamuuma. Akatazama huku na huku, akafungua kibuyu cha samli, akatia kidole.

Yule binti alimwona. Akasitasita, maana kumsemesha mtu mzima si adabu, lakini alikuwa amelelewa vizuri na aliona vibaya kunyamaza.

"Samahani, mama," akasema. "Huku kwetu wazee husema, chovya chovya humaliza buyu la asali."

Kalunde akachomoa kidole taratibu, akafunga kibuyu, akakaza kifuniko.

"Ni kweli, mwanangu," akasema. "Nalo lilikuwa buyu kubwa."