Nyuzi Zilizolegezwa

Kabla hamjafungua vitabu vya nyimbo, wapendwa, nisikilizeni kidogo. Palikuwa na mpiga besi mmoja, katika mji wa baridi huko juu milimani. Miaka thelathini alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi, na kila sherehe bendi ile iliifunga kwa wimbo mmoja wa roki wa zamani: wa polepole, mzito, wa kutoa machozi. Mabibi harusi waliulilia. Wajomba waliulilia. Yeye mwenyewe albamu yenye wimbo ule hakuwahi kuisikia hata siku moja. Alifundishwa na mwalimu wake, kidole kwa kidole, akatosheka.

Siku moja binti yake akanunua mnadani santuri chakavu pamoja na mashine yake.

"Baba, njoo usikie. Si ndio wimbo wako huu?"

Sindano ikashuka. Mzee akaduwaa. Wimbo ulikuwa unakimbia! Besi haikuburuta miguu nyuma ya wenzake. Ilitangulia, ikaruka, ikacheka, kama ndama aliyefunguliwa kamba asubuhi. Ulipokwisha akasema, "Rudisha." Ukapigwa mara saba. Mara ya saba alikuwa analia, na hayakuwa yale machozi ya harusini.

Siku hiyohiyo akaenda kwa mwalimu wake.

"Mwalimu, ulinifundisha wimbo wa mazishi."

Yule mkongwe akacheka mpaka akakohoa. "Kijana wangu, sisi tulijifunza kwenye redio kaseti yenye betri zinazokata roho. Tukazianika juani, tukazirudisha. Wimbo ukaja unajikokota, sauti imezama. Basi tukalegeza nyuzi tuufuate. Tukadhani ndiyo huzuni yake."

"Na hukuja kujua?"

"Nilijua. Baadaye sana nikausikia ulivyo. Lakini mlikuwa mmeshazoea kulia vizuri. Ningeanzaje?"

Jumamosi asubuhi, mazoezini, mpiga besi akakaza nyuzi zake zote nne. "Leo tuupige ulivyo."

Kiongozi wa bendi akatikisa kichwa. "Kaka, una miaka hamsini na minane. Watu wanakuja kulia, wewe unataka kuwaletea mbio? Umri huu ni wa kupumzisha vidole."

"Vidole nitavipumzisha kaburini. Miaka thelathini nimepiga betri. Sasa nataka kupiga wimbo."

"Basi katafute bendi nyingine."

"Nitatafuta. Ila harusi ya leo nipo."

Jioni, ukumbini, akauanza peke yake kwa mwendo wake wa kweli. Ngoma zikashindwa kumfuata. Wageni wakanung'unika. Ubeti wa pili vidole, vilivyozoea nyuzi laini, vikakakamaa, akakosea mbele ya watu wote. Mtu akapaza sauti, "Mzee, turudishie ule wetu!" Akapangusa jasho. Akaanza tena. Akakosea tena. Akaanza tena.

Mnacheka? Au mnangoja niwaambie kwamba ukumbi ulisimama ukamshangilia? Haukusimama. Alishuka jukwaani hana bendi, na kesho yake akaamka, akalishika gitaa lake, akafanya mazoezi.

Sasa nawageukia ninyi. Sisi, msamaha tuliusikia kwa nani? Kwa bibi aliyechoka. Kwa baba aliyekuwa na donda lake. Walitupatia kile walichobaki nacho, nami siwalaumu, walitupenda. Lakini msamaha wao ulijikokota: ngoja aombe yeye kwanza, ngoja mwaka upite, ngoja msiba utukutanishe. Nasi tukailegeza mioyo yetu tuufuate. Tukauita busara. Tukauita mila. Na wengine wetu humu ndani tumeshausikia ulivyo hasa. Tunajua! Tunanyamaza tu, kwa kuwa tunaogopa kukosea mbele ya waliotuzoea.

Nani amekuambia wakati wako umepita? Nani amekupangia umri wa kuacha kujifunza kupenda? Hata ukiwa na mvi kichwa kizima, kataa. Aliye na ndugu yake humu, ambaye hajamsalimia tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba, asinisubiri nimalize. Ainuke, avuke njia hii ya katikati. Akijikwaa, aanze tena. Akikosa maneno, aende bila maneno.

Mimi nanyamaza. Tunamngoja.