Sange na Mkate Uliomzidi Mama Yake Umri

Hivi wewe unayesikiliza, umewahi kumwona mtoto aliyezaliwa kabla ya mama yake?

"Bado!"

Leo utamwona. Hadithi iko jikoni!

"Ipakuliwe!"

Ya moto!

"Tutapuliza!"

Haya, pulizeni. Palikuwa na nchi kwenye bwawa la matete, ambako ukungu ulikuwa mzito kama tui la kwanza, na wanyama waliishi nusu macho, nusu usingizini. Huko hata harufu zilionekana. Ya mkate ilipita ya kahawia, ya nazi ikaelea nyeupe, zikapishana taratibu bila kugusana.

Mpishi mkuu wa nchi hiyo alikuwa Kiboko. Kupika hajui, ukubwa anao. Jikoni kwake mtama ulitwangwa ukawa unga, unga ukakandwa ukawa donge, donge likaokwa likawa mkate. Nazi ilikunwa ikatoa tui, tui likapikwa likawa mchuzi. Kilichobaki kiliwekwa cha kesho. Lakini kitu kimoja tu kikibadilika, Kiboko alinguruma: "Vunja vyote! Anza upya!" Na sheria, aliyoitunga mwenyewe, ilisema kilichovunjwa ni cha Kiboko. Basi, gubu-gubu-gubu, vyote vinaingia tumboni.

Aliyeumia zaidi ni Bi Kanga, mtwangaji. Tu-pu, tu-pu, tu-pu, kutwa anatwanga, huku mayai yake kumi na moja yanapoa kwenye majani. Yakipoa siku nyingine mbili, asahau vifaranga.

Jirani yake alikuwa Sange, kamnyama kadogo kama panya, pua ndefu kama mrija. Sange alikuwa na digrii ya Kunusa, first class, si ile ya kuandikiwa na mjomba. Miaka mitatu alibisha mlango wa jiko, miaka mitatu akaulizwa experience. Sasa aliyemaliza chuo jana experience aitoe wapi, aizae? Miaka yote hiyo aliyemlisha ni Bi Kanga, kwa vumbi la unga lililobaki kwenye mabawa yake.

"Mwanangu," Bi Kanga akamwambia asubuhi moja, "mayai yanapoa. Usomi wote huo haunusi hata dawa?"

Sange akaenda jikoni. Siku hiyo nazi mpya zilikuwa zimeletwa, na Kiboko ameshafungua mdomo angurume.

"Mkuu, nipe kazi. Nitakunusia kila kinachostahili kuvunjwa, kisisalie hata kimoja."

Kiboko alisikia "kuvunjwa" tu. "Mshahara hakuna. Ni kujitolea."

"Najua, Mkuu. It's always kujitolea."

"Na ukikosea nakukanyaga."

Sange akanusa. Fnu, fnu, fnu. "Mkate ni mtoto wa donge, donge ni mtoto wa unga, unga ni mtoto wa mtama. Kila mama ni mkubwa, kila mtoto ni mdogo. Ukoo umetulia, usiguswe! Lakini tui..." Fnu, fnu. "Tui ni la jana, nazi ni ya leo. Mtoto kamzidi mama yake umri! Huyo vunja. Na mchuzi, mtoto wake, naye vunja."

Vikavunjwa viwili tu. Mchi ukalala. Bi Kanga akaenda kulalia mayai yake, ukungu ukamfunika kama shuka. Kiboko akapata bakuli moja la mchuzi. Gubu. Kisha kimya.

Tumbo likaguna. Kesho yake, wengine hawajaamka, Kiboko alichovya mdomo bwawani, akauburuza juu ya mtama wa zamani, huku na huku, mpaka ukanukia umande, kama umevunwa alfajiri ile ile.

"Haya msomi, nusa!"

Fnu. Sange akaziona punje tatu zimeganda kwenye kidevu cha Kiboko. Akamtazama Bi Kanga, ambaye alikuwa ameshashika mchi, machozi yanamtiririka bila sauti.

"Mtama ni mpya," Sange akasema.

"Unga je?"

"Kamzidi mama yake."

"Vunja!" wakaitikia wanyama wa jikoni, michi begani.

"Donge je?"

"Kamzidi mama yake."

"Vunja!"

"Mkate je?"

"Kamzidi mama yake."

"Vunja!"

Mate yanamdondoka Kiboko, do, do, do. Lakini Sange hakuishia hapo. Akapanda mguu wa Kiboko, akapanda mbavu, akafika tumboni. Fnu, fnu, fnu.

"We! Unanusa nini huko?"

"Namalizia ukoo, Mkuu. Mkate nao una mtoto, ndilo tumbo hili. Limejengwa kwa mkate wa jana, wa juzi, wa mwaka mzima. Na mtama, bibi yao wote, kazaliwa leo asubuhi." Akawageukia wanyama. "Jamani, huyu naye kamzidi..."

"Vunja!" wakaitikia kwa mazoea, nusu usingizini. Michi ikainuka, ikielea kwenye ukungu.

"Ngojeni! Mtama ni wa zamani! Nimeulowesha mimi!"

"Kumbe," Sange akasema kwa upole. "Basi leo hakuna cha kuvunja. Bi Kanga, rudi kwenye mayai."

Kiboko mbio, chubwi! bwawani, kwenye maji yasiyoshika harufu. Mpaka leo yumo humo, anatoa pua tu, kuchungulia kama Sange bado yuko kazini. Na siku ya tatu, majanini, mayai yakasema tik, tik, tik, mara kumi na moja.

Hadithi imepakuliwa!

"Tumelamba mwiko!"

Fundisho sasa. Watoto wazuri, msisome. Nenepeni, mtunge sheria, mle. Sange mwenye pua yake mpaka leo ni wa kujitolea.

Nanyi wakubwa wa majiko yote, mliobandika "Nafasi Zimejaa" mlangoni: karatasi ile ina mikunjo na utando wa buibui, sisi tumehitimu juzi. Inusieni tarehe yake. Ivunjeni leo hii, muandike upya orodha ya kuajiri, na jina la kwanza liwe la Sange.