Kwa Nini Miche ya Boga Hung'olewa na Jirani

Zamani maboga hayakutambaa. Hili mnaloliona leo likipanda paa la choo na kuingia kwa watu bila hodi, siku hizo lilisimama wima kama mpapai, likazaa miguuni pake na kubaki papo hapo lilipopandwa. Halikuwa na vile vikono vyembamba vya kujisokota. Lingeshika nini, na hakuna aliyelizoeza kushika?

Kilimo chake kilikuwa cha upweke. Huko milimani watu waliamini kwamba boga changa likitazamwa na jicho la mtu wa nje huoza kitako. Basi kila mwanamke alizungushia bustani yake uzio wa matete, akapanda peke yake, akapalilia peke yake, akavuna ameupa mji mgongo. Mahindi waliyalima pamoja wakiimba. Maharage waliyapukuchua pamoja wakisengenyana. Lakini kwenye boga kila mtu alikuwa na ukuta wake. Ukimwuliza mwenzio maboga yanaendeleaje, alikohoa, akakuuliza habari za mbuzi.

Katika mlima huo aliishi mwanamke aliyeitwa Nakijwa. Bustani yake ilikuwa ndogo, ukitandaza mikeka mitatu imejaa, nayo ilibanwa kati ya mwamba na mfereji. Mumewe Semvua alikufa kwa homa. Mama yake alikufa kwa uzee, ambalo ni jambo la kawaida. Wanawe walikuwa watano. Wawili aliwazika wakiwa wadogo, na watatu walishuka tambarare kutafuta ng'ombe, tambarare ikawameza. Hawakuwa watoto wabaya. Walisahau tu.

Kitu chake cha kujivunia kilikuwa mbegu za boga kubwa alizoachiwa na mama yake. Boga moja la mbegu ile lilitaka watu wawili kulibeba, na likikomaa vizuri lilikaa darini hadi kiangazi kiishe. Mwanamke wa peke yake alilila kipande kwa kipande, asigonge mlango wa mtu. Lakini shina lake lilitaka nafasi. Likibanwa lilizaa vijiboga kama ngumi, vyenye mbegu tupu zisizoota. Bustani ya Nakijwa ilitosha mashina mawili. Mawili, si matatu.

Mwaka uliotangulia alikuwa amepanda mbegu kumi na nne, zikaota zote, akashindwa kung'oa hata mche mmoja. Akavuna ngumi. Kiangazi kile alikula majani na mizizi, akakonda hadi pete yake ya shaba ikawa inamtoka kidoleni akinawa, ikabidi aifunge kwa uzi. Ndani ya kibuyu zilibaki mbegu saba nzima, na baada ya hizo hakuna nyingine. Mvua zilipoanza alizifukia zote saba, akaapa kwamba safari hii ataacha miche miwili na kung'oa mitano. Asipofanya hivyo, mbegu ya mama yake inakwisha, na yeye anaifuata.

Zote saba zikaota. Na hapo Nakijwa akafanya kosa la mtu aliyekaa siku nyingi bila kusalimiwa. Aliipa miche majina.

Ulioota kwanza, mnene wa shingo, akauita Semvua. Uliotoka umejipinda kama unaoumwa kiuno akauita Mama. Mitano iliyobaki akaigawia wanawe, kila mmoja kwa tabia yake. Mdogo kuliko yote, wenye jani lililotoboka, ukawa Mcharo, kitindamimba, aliyekufa kabla hajaota meno. Kila asubuhi akatoka na maji na kuisalimu mmoja mmoja. Semvua, umeamkaje. Mama, kiuno vipi. Miche haikumjibu, lakini pia haikukohoa na kumwuliza habari za mbuzi.

Mche wa boga hung'olewa ukiwa na majani manne. Ukingoja la tano, mizizi imekwisha shikana huko chini, ukivuta mmoja unakuja na wa pili. Nakijwa alilijua hilo tangu utoto. Jani la tatu lilipotoka alikwenda bustanini, akashika shingo ya Mcharo, maana ndio uliokuwa dhaifu, na mtu mwenye akili zake huanza na dhaifu. Akaiachia. "Huyu nimemzika mara moja," akasema. "Simziki tena." Akahamia kwa wale watatu wa tambarare, akaona akiwang'oa atakuwa amewafukuza yeye. Akarudi ndani, akachemsha maji, na hakuwa na cha kutia ndani yake.

Jani la nne likatoka. Akajaribu kufumba macho ang'oe kwa kubahatisha, lakini vidole vyake vilimjua kila mmoja kwa shingo yake. Ncha ya jani la tano ilipoanza kuchungulia, alijifunga nguo kiunoni, akaruka mfereji, akabisha hodi kwa Mkunde.

Huyu Mkunde alikuwa jirani yake, mjane pia, amemzidi umri, mwenye mdomo uliofanya watu wapite njia ya mbali. Walichota maji mfereji mmoja miaka minane na hawakuwahi kukaa kitako pamoja.

"Dada Mkunde," Nakijwa akasema, "njoo uning'olee miche ya maboga."

Mkunde alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Una homa?"

"Sina."

"Miaka minane umenifungia uzio asioweza kupita mjusi. Leo unataka nitie jicho langu humo. Yakioza utasema nani?"

"Nitasema mimi."

"Na mikono yako ina nini, imekatika?"

Nakijwa akasema ukweli, kwa kuwa hakubakiwa na kitu kingine cha kusema. "Nimeipa majina."

Mkunde akaweka ungo chini. Akamtazama mwenzake, mashavu yaliyoingia ndani, pete iliyofungwa uzi. "Basi usinitajie hata moja," akasema. "Ukinitajia tutakuwa wajinga wawili."

Akaingia bustanini, akachuchumaa. Alitazama nafasi, akatazama jua linapopita, akatazama shingo. Wa kwanza kung'oa ulikuwa ule mnene. Nakijwa akatoa sauti ndogo.

"Huu umekimbilia urefu, unakula chakula cha wenzake, na kuzaa hauzai," Mkunde akasema. "Nilikuwa na mume wa namna hii."

Nakijwa, ambaye hakuwa amecheka tangu mwaka juzi, akacheka na kulia kwa pamoja, jambo lisilopendeza kulitazama. Mkunde hakulitazama. Alikwisha ng'oa wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano, upesi kama anayenyonyoa kuku. Miwili ndiyo iliyobaki, ule uliojipinda upande wa mwamba, na ule mdogo wenye jani lililotoboka upande wa mfereji.

"Huo mbona dhaifu?" Nakijwa akauliza.

"Si dhaifu. Ulikuwa umebanwa."

Akaikusanya ile mitano, akaingia nayo jikoni bila kukaribishwa, akaimenya nyuzi na kuipika kwa magadi. Nakijwa akasema hawezi kuila.

"Nitakula mwenyewe," Mkunde akasema. "Mimi sijui ninamla nani, kwa hiyo nitashiba."

Nakijwa akavuta chungu kwake. Alikuwa na njaa, na walikila chakula kile mpaka chini, wamekaa mlangoni. Kisha Mkunde akaruka mfereji, akarudi kwenye maharage yake.

Asubuhi iliyofuata Nakijwa alitoka na maji yake, akasalimu wawili. Ile miche ilikuwa imezoea kusikia saba. Maboga ya watu wengine hayakuwahi kusalimiwa, na asiyesalimiwa hajui aliyepungua. Haya yalijua. Yakainama juu ya mashimo matano matupu, yakalala chini kabisa, Nakijwa akadhani yamekufa. Yalikuwa yanatafuta. Kwenye kila kifundo kikachipuka kikono chembamba kama uzi, kikapapasa udongo kama mtu anayepapasa kitanda kuona kama mwenzake yupo. Hayakupata kitu shimoni, yakasogea mbele. Mama akapanda mwamba. Mcharo akaushika uzio wa matete, akauvuta hadi ukaanguka, akavuka mfereji, akaingia uani kwa Mkunde na kujisokota kwenye mguu wa kigoda chake. Huko ndiko alikozaa boga lake, mbele ya mlango, njiani kabisa, kila mpitaji akilitazama. Halikuoza kitako wala popote.

"Njoo umwondoe mtu wako," Mkunde alimwita siku lilipokomaa. "Nashindwa kutoka ndani."

Boga lile lilitaka watu wawili kulibeba, nao walikuwa wawili. Waligawana nyama yake, na mbegu zote zikarudi kwenye kibuyu cha Nakijwa. La mwambani likakaa darini. Kiangazi kikapita naye akiwa mzima, pete ikamkaa kidoleni bila uzi. Wale watatu wa tambarare hawakurudi. Msinitazame hivyo, hawakurudi.

Na tangu siku hiyo boga hutambaa, na mwenye bustani hang'oi miche yake mwenyewe. Huita jirani, jirani haulizi upi ni upi, na iliyong'olewa hupikwa siku ile ile wakaila wote wawili. Boga likivuka mpaka, nyama yake hugawanywa na mbegu hurudi kwa mwenyewe. Na vile vikono bado vinatafuta. Kikigusa ufito hushika, kikigusa gugu hushika, hakichagui. Kisipopata kitu hungoja siku mbili tatu kimenyooka hewani, halafu hujikunja taratibu, kikajishika chenyewe.

Ukivikuta vingi vya namna hiyo kwenye bustani ya mtu, usipite. Bisha hodi.