Tumbili Machepele na Kofi la Shangazi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa imelegea kama mlenda. Itoeni chini, kwenye visigino. Paukwa!

PAKAWA!

Haya, hiyo imefika. Kaeni. Wewe wa mbele, punguza kichwa, nyuma kuna watu. Na wazazi wasikilize pia, hasa wale wenye mikono myepesi.

Hapo zamani za kale, kabla ngumi haijavalishwa glavu, wanyama wa Bonde la Kijiwe walikuwa na kisima kimoja. Masika maji yalitosha. Kila mtu alikunywa alipotaka, na nguruwe walioga. Kiangazi maji yalipungua, na adabu nazo zikapungua. Watu wakasukumana. Watu wakaumana. Wakubwa wakakaa kikao, wakaweka desturi.

Desturi yenyewe ni hii. Kiangazi kikianza, linachorwa duara kando ya kisima. Bingwa anasimama ndani. Anayemtaka anaingia. Huyu anapiga ngumi moja, yule anapiga ngumi moja. Hakuna kukwepa. Hakuna kuuma. Hakuna kuvuta masharubu. Anayetoka nje ya mstari ameshindwa. Ukoo wa bingwa unakunywa wa kwanza kiangazi kizima, maji meupe. Ukoo wa aliyeshindwa unakunywa wa mwisho, tope.

Mgeni hupiga kwanza. Lakini aliyewahi kushindwa, akirudi, hupigwa kwanza, ili apate nafasi ya kufikiri kama kweli alitaka kurudi.

Mwamuzi alikuwa Korongo. Korongo alisimama kwa mguu mmoja maisha yake yote bila kuanguka, kwa hiyo mambo ya miguu aliachiwa yeye. Na mpaka Korongo ashushe mguu wake wa pili, duara liko wazi kwa yeyote.

Bingwa alikuwa Nyani Kishindo. Kifua chake kilikuwa kipana kama mlango wa ghala. Waliokipiga walisema hawakusikia kitu. Kishindo naye alisema hakusikia kitu.

Sasa, katika ukoo wa tumbili alikuwapo kijana mmoja, jina lake Machepele. Alilipata jina hilo akiwa tumboni, kwa sababu hakutulia hata mle. Machepele aliapa kumtoa Kishindo. Akajifua mwaka mzima. Alijifulia juu ya mkuyu, maana tumbili hufanya kila jambo mtini: hula mtini, husutana mtini, huoana mtini. Miguu inabana tawi, mkono wa kushoto umeshika tawi, mkono wa kulia unapiga. Pu! Kuyu linaanguka. Pu! Linaanguka jingine. Mkono wa kulia ukanenepa. Wa kushoto ukabaki ufito. Akitembea aliinama upande, kama mtu aliyebeba ndoo moja.

"Mtaniona," alisema Machepele.

"Tumeshakuona," walisema tumbili. "Umeinama."

Kiangazi kikafika. Machepele akaingia duarani. Nyani Kishindo alikuwa anatafuna mzizi.

"Kijana, nyumbani wanajua uko hapa?"

"Leo ngumi hii utaiita baba!"

"Nitaiita nikiiona," alisema Kishindo, akaendelea kutafuna.

Machepele akatemea kiganja mate. Akarusha ngumi kwa nguvu zake zote. Na hapo, watu wangu, mwili ukakumbuka mkuyu. Vidole vya miguu vikajikunja kubana tawi. Hakuna tawi. Mkono wa kushoto ukapanda juu kushika tawi. Hewa tupu. Ngumi ikafika kifuani pa Kishindo: pwi. Kifua hakikuwa na habari. Aliyepata habari ni Machepele. Alirudi nyuma ti-ti-ti-ti, akavuka mstari, akakaa kwenye mavi ya nyati.

Korongo akatangaza: "Machepele ametoka."

"Lakini hajanipiga!"

"Sikusema amekupiga. Nimesema umetoka. Aliyekutoa ni wewe."

Kishindo akauliza, "Na zamu yangu?"

"Hakuna wa kumpiga."

"Sasa mimi nimeamkia nini?"

Korongo akashusha mguu. Ikawa basi.

Kiangazi kile tumbili walikunywa tope. Walilichuja kwa majani, wakalichuja kwa meno, likabaki tope. Shangazi yake Machepele, Bi Sikudhani, alikuwa na mtoto anayenyonya, jina lake Kidoto. Kidoto akashikwa na tumbo. Akanyauka, macho yakawa makubwa kuliko uso. Alipona, lakini alipona kwa shida.

Siku moja Bi Sikudhani alikuwa chini ya mti, mtoto kambeba mgongoni. Machepele akaja kusalimu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umewaona watoto wanavyokunywa?"

"Nimewaona, Shangazi. Lakini ngumi ilikuwa nzuri, ila uwanja haukuwa na matawi."

PAA!

Machepele akapita kichaka cha kwanza. Akapita cha pili. Cha tatu kilikuwa cha miiba, ndiyo maana akasimama.

Akatoka mle ana miiba mpaka kwenye nyusi. Hakulia. Alimtazama shangazi yake, akautazama mkono wake, mwembamba kama bua la uwele. Akautazama mkono wake mwenyewe, mnene kama gogo.

"Shangazi, ulijifunzia wapi?"

"Kujifunza nini?"

"Hicho."

"Sijajifunza popote. Nimekasirika nikiwa nimesimama."

"Naomba urudie."

"Siwezi kurudia. Hasira imeisha."

Machepele akaenda kukaa pembeni. Akawaza. Ikiwa nguvu iko mkononi, mkono ule haukuwa na pa kuiweka. Basi ilitoka wapi? Ikapita njia gani? Akaona hapana budi aione tena. Na ili aione, lazima Shangazi akasirike. Na ili Shangazi akasirike, lazima mtu ajitolee.

Kesho yake akamwendea.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Shangazi, ukimtafuta mtoto chawa, unamtafuta kama mtu anayetafuta pesa aliyoangusha mwenzake."

PAA!

Machepele akainuka kutoka kichakani. "Ahsante, Shangazi. Kisigino cha nyuma kimenyanyuka." Akaondoka zake.

Siku nyingine akaja tena. "Shangazi, wenzako wakichuma makuyu wanabakiza. Wewe, hata mti unakuogopa."

PAA!

"Ahsante, Shangazi. Kumbe kiuno ndicho kinachotangulia!"

Ikawa ndiyo kazi yake. Tusi, kofi, ahsante. Tusi, kofi, ahsante. Kila kofi alijifunza kiungo kimoja. Aliona kisigino kinasukuma ardhi. Aliona kiuno kinageuka kama mlango. Aliona bega linafuata bila haraka. Aliona mkono ni mgeni wa mwisho kufika harusini. Akifika, chakula kimeshapakuliwa. Na kiganja cha Shangazi njiani kililegea kama nguo iliyoloa. Kikigusa tu, kinakaza. Na pumzi inatoka hapo hapo: hss!

Akaacha mkuyu. Akatafuta kichuguu, akasimama chini, akakipiga akiimba:

Kisigino kiamshe goti,
goti liamshe kiuno,
kiuno kiamshe bega,
bega liamshe ngumi: hss! Pu!

Siku za kwanza kichuguu kilishinda. Mkono ulivimba. Mchwa wakatoka kutazama.

"Nani huyo anapiga hodi na haingii?"

"Samahani, najifunza."

"Jifunze kwa jirani."

Alihamia kwa jirani. Jirani naye akalalamika. Machepele akaendelea. Mkono wa kulia ukapungua unene. Wa kushoto ukajaza. Mgongo ukanyooka. Kikapita kitambo, kichuguu kikaanza kutoa ufa.

Siku moja Bi Sikudhani akamkamata mkia.

"Wewe mtoto una nini? Unakuja, unanitukana, unanitazama miguu, unashukuru. Hiyo ni adabu ya wapi?"

Machepele akasema kweli yote. Kuhusu tope. Kuhusu Kidoto. Kuhusu kisigino. Bi Sikudhani akauachia mkia.

"Kwa hiyo yale matusi hukuyamaanisha?"

"Hapana, Shangazi! Hata moja!"

"Na lile la kwamba nikiimba kunguru wanahama?"

Machepele akakuna sikio. "Shangazi, tuzungumzie miguu."

PAA!

Lakini safari hii hakufika kichakani. Aliteleza hatua chache, akasimama wima. Wakatazamana wote wawili.

"Hukuanguka," alisema Shangazi.

"Sikuanguka," alisema Machepele. Wala mwenyewe hakujua ni kwa nini.

Mwaka ule mvua ikadanganya. Mawingu yalikuja, yakasalimu, yakaondoka. Kiangazi kilipoingia, kisima kilikuwa na maji ya kuhesabika kwa vikombe. Kila mtu alijua: wa mwisho safari hii hapati hata tope. Tumbili wakatazama watoto wao. Kidoto alikuwa ameanza kutembea. Hakuwa na mwili wa kungojea.

"Nani anaingia?" waliuliza wakubwa wa tumbili.

Kila mmoja akatazama mkia wa mwenzake.

"Mimi," alisema Machepele.

"Wewe? Mwingine hakuna?"

Hakukuwa na mwingine.

Siku ikafika. Ukoo wote wa nyani ulikuja na vibuyu mkononi, kwa uhakika wa jambo lenyewe. Kishindo alikuwa ndani ya duara. Korongo alikunja mguu.

"Wewe yule wa mavi ya nyati?" alisema Kishindo.

"Ndiye."

"Leo matawi yapo?"

Nyani wakacheka mpaka vibuyu vikaanguka.

Korongo akasema, "Machepele aliwahi kushindwa. Anapigwa kwanza. Machepele, umefikiri?"

"Nimefikiri."

"Na bado umekuja?"

"Ndiyo."

"Haya," alisema Korongo, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Machepele akatanua miguu. Akakunja magoti kidogo. Hakukunja vidole, hakutafuta tawi. Alizishusha nyayo zote kwenye vumbi, zikakaa. Kishindo akarudisha ngumi nyuma mpaka ikapotea. Ikarudi. BUU!

Vumbi likapanda. Hakuna aliyeona kitu. Tumbili wakafumba macho. Bi Sikudhani hakufumba. Alitazama chini, penye miguu. Vumbi likatulia polepole. Katika mchanga palikuwa na mifereji miwili mirefu, kama ya jembe. Mwisho wa mifereji palikuwa na nyayo mbili. Nyuma ya nyayo, mstari. Nyuma ya mstari, hakuna mtu.

Korongo akainama, akachungulia. "Yumo."

Mdomo wa Machepele ulikuwa unatoka damu, lakini yumo. Mwaka mzima wa makofi ya Shangazi ulikuwa umefundisha mkono wake kupiga. Kumbe ulikuwa umefundisha na miguu yake kusimama.

"Zamu yangu," alisema.

Kishindo akatafuna mzizi. Machepele akasogea karibu. Hakutema mate. Hakupungia watu. Kimya kimya akaimba moyoni. Tumsaidie jamani, hana mwingine!

Kisigino kiamshe goti! Goti liamshe kiuno! Kiuno kiamshe bega! Bega liamshe ngumi!

Hss! PU!

Haikuwa na kelele nyingi. Kishindo aliendelea kusimama. Akaendelea kutafuna. Akatabasamu.

"Ndiyo hiyo tu?" aliuliza.

Kisha akaona watu wote wanatazama chini. Naye akatazama chini. Miguu yake ilikuwa ndani ya kisima. Maji yalimfika vifundoni.

"Nimefikaje huku?" aliuliza.

"Taratibu," alisema Korongo. "Nyani Kishindo ametoka. Aliyebaki ni Machepele."

Tumbili wakapiga vigelegele. Nyani wakaokota vibuyu vyao, wakavishika kama mtu anayeshika kofia msibani. Maana na wao walikuwa na watoto, na watoto wale wakaanza kulia.

Bi Sikudhani akavuka mstari, akaingia duarani, Kidoto mgongoni. Akamfuta mpwa wake damu kwa mkono.

"Umesimama vizuri, mwanangu."

"Ahsante, Shangazi."

"Nimefurahi. Sasa niambie kweli, mbele za watu. Na uimbaji wangu?"

Machepele akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akavuta pumzi.

"Shangazi, mimi sasa ni bingwa. Bingwa hasemi uongo."

PAA!

Nyayo za Machepele zilipotua, alikuwa kisimani, bega kwa bega na Nyani Kishindo.

"Unamfahamu yule mama?" aliuliza Kishindo.

"Ni mwalimu wangu," alisema Machepele.

Wote wakamgeukia Korongo. Korongo alikuwa bado kwa mguu mmoja. Wa pili hajaushusha.

"Duara lilikuwa wazi," alisema Korongo. "Machepele ametoka. Bingwa ni Bi Sikudhani."

Bi Sikudhani akasimama katikati ya duara. Akawatazama tumbili. Akawatazama nyani na vibuyu vyao.

"Nasema hivi. Wanaanza kunywa watoto. Wa tumbili, wa nyani, wa nguruwe, wa yeyote. Kisha wanaonyonyesha. Wakubwa watagawana kilichobaki, sawa kwa sawa. Asiyekubali aingie hapa."

Duara likawa wazi. Upepo ukapita ndani yake. Mtu mwingine hakupita.

Watoto wakanywa. Kidoto akanywa wa kwanza, maji meupe, mpaka tumbo likalia kama ngoma. Na Shangazi kwa furaha akaimba. Kunguru wakahama.

Funzo ni hili, wala silifichi: ngumi haizaliwi mkononi. Mkono ni tarishi tu; barua inaandikwa kisiginoni. Anayetaka kupiga kwa nguvu aanze kwa kujua pa kusimama. Na mwenye nguvu ya kweli anajulikana kwa anaowaacha wanywe kabla yake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Korongo, shusha mguu.